Mashine ya Kupiga Deki Inaponguruma Bila Kufyonza

Malalamiko huwa yale yale, iwe Sinza, Nyali au Kileleshwa. Mashine ya kupiga deki ilinunuliwa kwa fedha ambazo zingetosha friji ndogo, ikafanya kazi vizuri miezi kadhaa, na sasa inanguruma tu. Maji inayamwaga lakini haiyafyonzi. Vigae vinabaki na tope jepesi, na anayedeki anarudi kwenye tambara na ndoo huku akisema mota imekufa. Fundi wa mtaani, ambaye pengine ndiyo mara yake ya kwanza kuiona mashine ya namna hiyo, anakubali upesi: mota anaijua, na bei ya kusuka mota anayo kichwani.

Mara nyingi mota haijafa. Mota inayonguruma inazunguka, na ikizunguka inasukuma hewa; kilichopotea ni njia ya hewa hiyo. Ndiyo maana mwenye mashine anayetaka kuokoa fedha zake huanza na hewa, akaenda kwenye maji, na umeme akauacha mwisho. Bisibisi ikae kwenye droo mpaka kila kinachotoka kwa mkono kiwe kimetolewa, kimeoshwa na kimerudishwa.

Mashine hizi zinazofagia na kudeki kwa mkupuo mmoja zilizidi kuvuma baada ya kampuni ya Bissell ya Marekani kutoa CrossWave mwaka 2016. Kampuni nyingine, Tineco ya China ikiwa mojawapo, zikaja na mashine zisizo na waya, zinazotumia betri. Sura zinatofautiana, ila ndani ni ndugu. Kuna tangi la maji safi na pampu ndogo au vali inayoyashusha. Kuna brashi ya duara inayosugua. Kuna feni yenye kasi kubwa inayovuta hewa na maji machafu kuyapandisha kwenye tangi la pili. Na kati ya tangi hilo na feni kuna chujio. Kanuni yenyewe ni kongwe. James Murray Spangler, mfagizi wa duka huko Canton, Ohio, aliyekuwa akisumbuliwa na vumbi la kazi yake, aliunda kifyonzavumbi chake kwa mota ya feni, mpini wa ufagio na foronya, akapata hataza mwaka 1908. Jina la Hoover, mfanyabiashara aliyenunua haki zake, ndilo lililobaki kwenye mashine. Feni hushusha mgandamizo wa hewa ndani, hewa ya nje hukimbilia kujaza pengo, na njiani hubeba uchafu. Penye mwanya, hewa huchepuka na maji yakabaki sakafuni. Penye kizibo, haiji kabisa.

Sikio linaweza kutofautisha hali hizo mbili kabla mkono haujagusa kitu. Sauti ikipanda na kuwa nyembamba kama filimbi, njia imeziba: feni haina hewa ya kusukuma, mzigo wake umepungua, hivyo inazunguka kasi zaidi. Sauti ikiwa ile ile ya kila siku lakini mvuto hafifu, hewa inaingia pasipo mahali pake, aghalabu kwenye mfuniko wa tangi la maji machafu.

Tangi hilo ndilo la kwanza kutolewa. Lina boya dogo la plastiki linalopanda na maji na kuziba tundu la hewa tangi likijaa, ili maji yasifike kwenye feni. Boya likinata kwa utelezi wa sabuni na nywele, mashine huamini tangi limejaa hata kama ni tupu. Linatakiwa kucheza juu na chini bila kukwama linapoguswa kwa kidole. Katika mashine nyingine kazi hiyo hufanywa na vijiti viwili vya chuma: maji yakivigusa, umeme mdogo hupita kati yake na taa ya "tangi limejaa" huwaka. Utando wa uchafu kati ya vijiti hivyo hutosha kuwasha taa hiyo siku nzima, na hufutwa kwa kitambaa chenye unyevu.

Halafu kuna povu, ambalo huenda ndilo mkosaji mkubwa kuliko wote katika nyumba zetu. Mazoea ya ndoo ni kwamba deki bila povu si deki, basi kofia ya sabuni ya vyombo au kijiko cha sabuni ya unga kinatiwa kwenye tangi la maji safi. Ndani ya mashine sabuni hiyo inapigwa na brashi inayozunguka, kisha inavutwa na hewa, na kinachofika kwenye tangi la maji machafu ni wingu la povu. Povu hunyanyua boya, hugusa vijiti, hulowesha chujio, na likizidi hupita mpaka kwenye feni. Dawa za sakafu za mashine hizi zimetengenezwa makusudi zisitoe povu, na hutiwa kidogo tu. Zisipopatikana, ni afadhali maji matupu. Kipimo ni rahisi: mashine ioshwe, itiwe maji yasiyo na chochote, ijaribiwe. Ikifyonza vizuri, ugonjwa ulikuwa kwenye chupa ya sabuni.

Chujio ni kituo kinachofuata. Feni inayovuta kupitia chujio bichi ni kama mtu anayepumua kupitia leso iliyolowa, na wengi hulirudisha chujio likiwa hivyo kwa sababu juujuu linaonekana limekauka. Baada ya kuoshwa kwa maji matupu likae penye upepo kwa saa 24. Zanzibar au Tanga wakati wa masika hata siku mbili si nyingi. Kuliweka karibu na jiko au kulipiga pasi kunaharibu nyuzi zake na kupindisha fremu. Anayedeki kila siku anunue machujio mawili, moja likauke huku jingine likifanya kazi.

Kama vyote hivyo ni safi na bado hakuna mvuto, brashi itolewe na tochi imulikwe kooni, pale maji yanapoingilia. Hapo hupatikana punje za wali, kifuniko cha kalamu, mfupa wa samaki, na zaidi ya yote mchanga ulioganda kuwa tope. Matangazo husema si lazima kufagia kwanza, lakini matangazo hayo hayakupigiwa Kigamboni. Mchanga wa pwani ukichanganyika na maji hutulia kwenye kona za mrija, husaga beringi za brashi na hukwaruza vigae vinavyong'aa. Ufagio upite kwanza mlangoni na sebuleni, na brashi ya kuoshea chupa ya mtoto iwe sehemu ya vifaa vya mashine.

Kwa upande wa mwanya, ukanda wa karatasi unatosha. Ubanwe kati ya mfuniko wa tangi na mpira wake, kisha uvutwe. Ukitoka bila kukataa, mpira umelala au umekaa vibaya. Ukitolewa, ukaoshwa na kugeuzwa, mara nyingi hubana tena. Ukihitaji kulainishwa, upakwe grisi ya silikoni. Mafuta ya kupaka ya petroli huvimbisha baadhi ya mipira na kuilegeza zaidi.

Mashine isiyotoa maji ina kisa tofauti. Kosa dogo kuliko yote ni tangi kutokukaa mpaka likalia "ta!". Linafuatwa na hewa iliyonaswa kwenye pampu, hasa mashine ikiwa haijatumika muda mrefu: kitufe cha maji kishikiliwe kama nusu dakika, pampu iteme hewa. Kama bado, kitufe kidogo kwenye kofia ya tangi kibonyezwe kwa kidole juu ya sinki. Maji yakitiririka, tangi ni zima na kizibo kiko mbele zaidi, kwenye matundu ya kunyunyizia juu ya brashi.

Matundu hayo huzibwa na ukoko mweupe, ule ule unaojenga nyumba ndani ya birika. Maji ya visima katika sehemu nyingi za Dar es Salaam na Mombasa yana chumvi na madini mengi, na pampu yenye mirija myembamba haiyavumilii. Siki nyeupe, sehemu moja kwa tatu za maji, ikae ndani kwa nusu saa, kisha mashine itemeshwe ndani ya beseni na kusuuzwa kwa matangi mawili ya maji safi. Kijiti cha meno kinaweza kupenya tundu lililobaki, si sindano, maana chuma hupanua tundu na maji yakaanza kuruka upande. Siki isimwagikie sakafu ya terazo au marumaru halisi, kwani asidi hula chokaa na kuacha doa lisilong'arika tena. Na jiki isikaribie kabisa. Hukausha mipira ya ndani, na ikikutana na siki hutoa gesi ya klorini, ambayo ni sumu kwa mapafu.

Tangi la maji safi la mashine nyingi za betri halifiki lita moja. Kwa kiasi hicho, mwenye kisima cha maji ya chumvi anaweza kabisa kuweka dumu la maji ya mvua kwa ajili ya mashine tu.

Brashi ikigoma kuzunguka, au mashine nzima ikizimika baada ya sekunde chache na kuwasha taa nyekundu, kwa kawaida kuna kitu kimejisokota. Katika nyumba zetu kitu hicho ni nywele, na si nywele za kuzaliwa nazo tu. Nyuzi za rasta ni plastiki. Zikijizungusha kwenye ncha za brashi, msuguano huzipasha moto mpaka zikayeyuka na kugandamana na ekseli, na mtu anayeangalia juujuu huona pete nyeusi akadhani ndivyo ilivyotengenezwa. Zikatwe kwa mkasi mdogo kufuata urefu wa brashi, kisha zitolewe vipande vipande. Kuzivuta kunang'oa manyoya ya brashi. Vifuniko vya ncha vizungushwe kwa vidole: vinavyokwaruza vina mchanga ndani. Kama brashi inazunguka vizuri mkononi lakini ikirudishwa ndani inasimama huku mota yake ikisikika, mkanda umekatika au umeteleza. Mkanda ni kipuri cha bei ndogo, ingawa katika baadhi ya mashine umefichwa ndani ya kasha lenye skrubu.

Michirizi na harufu hazihitaji maneno mengi. Michirizi hutokana na sabuni iliyozidi, brashi chafu, au ule ulimi wa mpira unaokwangua brashi kuwa umeliwa au umejaa nywele. Harufu hutokana na maji machafu yaliyolala ndani usiku kucha. Tangi limwagwe papo hapo, brashi itolewe isimamishwe ikauke nje ya mashine, hata kama mashine ina kitufe cha kujiosha yenyewe. Katika mashine za Tineco zenye pete ya rangi inayokuwa nyekundu uchafu ukizidi, wekundu usioisha hata juu ya sakafu safi humaanisha kwamba kitambuzi kilicho ndani ya njia ya maji machafu kimechafuka chenyewe.

Umeme sasa. Mashine ya waya isiyotoa hata mlio ichunguzwe kuanzia ukutani: soketi ijaribiwe kwa chaja ya simu, kisha plagi ifunguliwe. Plagi za miguu mitatu ya bapa zinazotumika Kenya, Tanzania, Uganda, Oman na Dubai zina fyuzi ndani, na fyuzi ndiyo kipuri rahisi kuliko vyote. Irudishwe yenye ukubwa ule ule. Kwa mashine isiyozidi wati 700 kawaida ni ampea 3. Anayetia ya 13 kwa sababu ndiyo iliyopo dukani anaacha waya mwembamba uungue huku fyuzi ikitazama. Fyuzi ikiwa nzima, waya upimwe kwa mita, huku ukikunjwa pale unapoingia kwenye mpini, maana ndipo unapokatikia ndani ya ngozi yake. Ukipatikana umekatika ubadilishwe wote. Kuuunga kwa utepe mweusi kwenye mashine inayotembea juu ya maji ni kujitafutia msiba.

Mashine iliyozima katikati ya kazi ikiwa moto inaweza kuwa imejikinga. Ndani kuna swichi inayokata joto likizidi. Ichomolewe, njia ya hewa isafishwe, isubiriwe nusu saa. Ikiwaka tena, haikuwa na ubovu wa umeme. Cheche nyingi za buluu na harufu ya kuungua kwenye mota ya waya huashiria kaboni zilizoliwa, na hapo fundi wa mota anaingia kwa haki yake.

Wanaoletewa mashine na ndugu kutoka ng'ambo wana mtihani wao. Mashine ya waya kutoka Marekani imetengenezwa kwa volti 120. Tanzania ni 230 na Kenya 240. Volti zikikaribia kuwa maradufu, umeme unaoliwa hukaribia mara nne, na mota haimalizi hata chumba kimoja. Adapta ya plagi haibadilishi volti. Inayohitajika ni transfoma ya kushusha umeme yenye wati za kutosha, na kwa mashine ya wati 560 transfoma ya 1,000 ndiyo ya kuaminika. Iliyotoka Dubai au Muscat haina shida hiyo. Mashine ya betri nayo huwa na nafuu, kwani chaja nyingi zimeandikwa 100–240V, lakini zisizoandikwa hivyo pia zipo, na maandishi hayo ni madogo kiasi cha kuhitaji miwani.

Kwenye betri, kipimo cha kwanza ni cha chaja. Kama kibandiko chake kinasema volti 26 na mita inaonyesha sifuri, huenda betri haina kosa na gharama imepungua sana. Vituo vya chuma vya kuchajia navyo huota kutu kwa hewa ya bahari. Vifutwe kwa pamba yenye spiriti, mashine ikiwa imechomolewa. Betri iliyovimba, inayonukia utamu wa ajabu au inayopata joto ikiwa imelala haichajiwi tena. Itolewe nje ya nyumba, mbali na vitu vinavyoshika moto, na isitupwe jalalani.

Betri iliyochoka tu, inayodumu dakika 8 badala ya 30, inaweza kutiwa seli mpya. Nyingi zina seli za 18650, sita kwa msururu zikitoa volti 21.6, na mafundi wanaotengeneza betri za kompyuta za mkononi wanazijua. Seli zote zibadilishwe kwa pamoja, ziwe za aina moja, na zichomelewe kwa mashine ya kuchomelea nukta kwa nukta badala ya kulehemu kwa risasi, kwani joto la chuma cha kulehemu huumiza seli. Sokoni kuna seli zilizoandikwa 9,900 mAh. Seli halisi ya ukubwa huo hufikia takriban 3,500, basi namba hiyo pekee inatosha kumkimbia muuzaji.

Kinachoua mota kweli ni maji, na maji huingia pale mashine inapolazwa chini ikiwa na tangi lenye maji machafu, ama kwenye buti la gari, ama chini ya ngazi. Ikionekana inatema matone kwenye matundu ya hewa ya moto, izimwe saa hiyo hiyo, ichomolewe, matangi na chujio vitolewe, ikae wima kivulini penye upepo siku mbili. Kuilazimisha iwake "ili ikauke" ndiko kunakoleta shoti. Hata ikipona, sabuni iliyoingia kwenye beringi huweza kujidhihirisha baadaye kwa mlio wa kukereza. Namba ya beringi huwa imechongwa ubavuni. Mota nyingi za waya hutumia 608, yenye tundu la milimita 8 na kipenyo cha milimita 22, ambayo maduka ya beringi huwa nayo, kwa hiyo anayeambiwa mota nzima haifai kwa sababu inalia ana haki ya kuuliza kwanza kuhusu beringi.

Mashine ikifika kwa fundi, ifike safi na kavu, pamoja na chaja na maelezo: ilianza lini, sauti ikoje, taa gani iliwaka, nini kimeshajaribiwa. Makubaliano ya mwanzo yawe ya kupima, ya kubadilisha yaje baada ya jibu, na kipuri kilichotolewa kirudishwe kwa mwenyewe. Anayetafuta vipuri Kariakoo, Luthuli Avenue au kwa kumtuma mtu Deira, Dubai, apige picha ya kibandiko kilicho nyuma au chini ya mashine. Jina kubwa la mbele hubebwa na mashine nyingi ambazo brashi zake haziingiliani. Namba ya modeli ndiyo inayoamua. Machujio na brashi za kampuni nyingine hufaa zikilingana vipimo. Chaja na betri za kubahatisha zikataliwe.

Na kwa anayenunua iliyotumika, akiwa bado dukani: aombe iwashwe ikiwa na maji ndani, amwage glasi moja sakafuni, aone yanarudi kiasi gani kwenye tangi. Afungue tangi la maji machafu anuse, achunguze ncha za brashi, na kama ni ya betri aiache ifanye kazi angalau dakika kumi mfululizo. Muuzaji akikataa kutia maji kwa kisingizio kwamba duka litalowa, mashine ibaki dukani kwake.